Jibu: Diski ya GB 8 imejaa kwenye seva ya Debian

Ndugu yangu wa Langoni, Lamu, umeuliza jinsi ya kupunguza nafasi inayoliwa na Debian (mfumo endeshi wa Linux) kwenye seva ya shule, diski yenyewe GB 8 tu. Usifute kitu kwa kubahatisha. Anza na `du -xh --max-depth=2 / | sort -h` uone mlaji ni nani; mara nyingi ni /var, folda ya data inayobadilikabadilika.

`apt clean` itaondoa vifurushi vya programu vilivyopakuliwa na kubaki /var/cache/apt/archives, havina kazi tena. Kumbukumbu za mfumo (logi) zipunguze kwa `journalctl --vacuum-size=100M`, kisha andika SystemMaxUse=100M ndani ya /etc/systemd/journald.conf, la sivyo zitajaa upya.

Kaneli (kiini cha mfumo) za zamani huondoka kwa `apt autoremove --purge`. Tafadhali soma orodha yote kabla ya kukubali, na kaneli inayoonyeshwa na `uname -r`, yaani inayotumika sasa, isiguswe kabisa: seva ikigoma kuwaka, fundi hadi avuke kutoka Mokowe, wanafunzi wamekaa bure.

Kufuta /usr/share/doc (folda ya nyaraka za programu) kwa mkono siungi mkono. Vifurushi vikisasishwa, faili zinarudi. Afadhali kila unaposakinisha uongeze `--no-install-recommends`, ili vifurushi vinavyopendekezwa tu visiingie.

Tuwekee hapa matokeo ya hiyo `du`.