Kabla hujakata kitenge chekundu

Wadogo zangu mnaoanza kushona mablanketi ya viraka, kitambaa kinachochuja hakijitangazi dukani. Unakishika pale soko la Majengo, hapa Dodoma, kizito, chekundu cha kuiva, muuzaji anakuapia kwamba hakichuji, unalipa unaondoka. Ukweli unaujua siku mteja anapokupigia simu.

Mimi nilipigiwa mwezi wa saba, msimu ambao Dodoma asubuhi inauma na mablanketi yanatoka. Mama mmoja, mtumishi huko Mtumba, kwenye mji wa serikali, nilimshonea blanketi la tano kwa sita, vipande vyekundu na bafta nyeupe. Alilifua mara moja tu. "Fundi, blanketi langu limekuwa la waridi." Hakufoka, na nilitamani angefoka.

Kilichoniuma ni kwamba kile kitenge nilikuwa nimekiloweka, usiku kucha, na chumvi viganja viwili, kama nilivyofundishwa na kila mtu. Chumvi ina kazi yake, lakini ni kwenye sufuria ya mtia rangi: inasaidia rangi kuingia kwenye pamba wakati kitambaa kinatiwa rangi. Kikishatoka kiwandani chumvi haifungi kitu. Siki nayo ina uhusiano na rangi za sufu na hariri. Kwenye pamba unapoteza siki ya kachumbari tu. Halafu fikirieni: maji ya visima vyetu hapa yenyewe yana chumvichumvi. Kama chumvi ingezuia kuchuja, Dodoma pasingekuwa na nguo inayochuja.

Kosa langu hasa lilikuwa ubahili wa maji. Tuliozoea mgao tunajua: maji yako kwenye pipa, hujui yatarudi lini, basi unaloweka kitenge kizima kwenye nusu ndoo. Rangi inayochuja ni ile ya ziada, iliyokaa juu ya nyuzi bila kushika. Maji yakiwa mengi, ya moto na yenye sabuni, inatoka na kubaki majini. Yakiwa kidogo yanageuka kama chai ya rangi, na rangi inarudi palepale kwenye kitambaa, au inahamia kwa jirani yake mweupe.

Kwa hiyo siku hizi nafua kabla ya kukata, kila rangi peke yake, kwenye beseni kubwa, maji ya moto kiasi cha mkono kutovumilia, na sabuni ya unga. Ya mche inaganda na maji yetu, inaacha utando. Nasuuza mpaka maji yatoke meupe, hata kama ni mara tano. Maji ya masika nakinga kutoka bati na kuyaweka kwa kazi hii, maana yanatoa povu vizuri. Faida nyingine: pamba itakayorudi inarudi sasa, si baada ya blanketi kwisha na kujikunja kama chapati iliyoungua. Mabaki madogo mnayookota kwa mafundi wenzenu yatieni kwenye wavu wa vitunguu uliofuliwa, la sivyo mtashinda mkifumua nyuzi.

Baada ya hapo napima. Nakata kipande cha upana wa vidole viwili, nakitia kwenye glasi na kipande cha bafta, namimina maji ya moto kutoka chupa ya chai, na sabuni kidogo. Nusu saa. Nainua glasi mbele ya karatasi nyeupe. Maji yakiwa na rangi kidogo lakini bafta imetoka safi, bado nafua tena. Bafta ikishika rangi, kitenge hicho hakikai na nyeupe kwenye blanketi moja, hata mteja akililia. Angalieni zaidi nyekundu, bluu ya giza, zambarau na nyeusi. Batiki za mkono msiziamini hata moja bila glasi. Aliyezitengeneza huenda naye alikuwa na mgao.

Na ikishatokea? Usianike. Usipige pasi. Usiguse jiki, itakula na ile rangi unayoitaka. Rangi iliyohamia ikiwa bado mbichi inatoka. Blanketi la yule mama lilikuwa limekauka, nikadhani basi tena, lakini nililitia kwenye pipa lililokatwa, maji ya moto hadi juu, sabuni ya unga, nikalizamisha kwa sahani nzito kwa sababu sehemu inayoelea juu ya maji ndiyo inayobaki na doa. Likakaa mpaka maji yakapoa. Nikamwaga, nikaanza upya. Mara ya nne maji yalitoka na rangi kidogo tu. Mkaa uliisha, mgongo uliuma, na pembe moja ilibaki na waridi hafifu ambayo ukiambiwa ndipo unaiona. Mimi naiona bila kuambiwa.

Blanketi likishafuliwa msiliache limekunjwa likiwa bichi kwenye beseni mkaenda sokoni. Rangi inahama pale linapogusana. Litandazeni kwenye kamba mbili, nyekundu isilalie nyeupe, kivulini kama kipo. Upepo wa hapa utalikausha haraka, na vumbi mtakung'uta.

Kile kitenge chenyewe nilibaki nacho yadi mbili. Nimekifua mara saba, na glasi bado inageuka kama juisi ya rozela. Sasa kinafunika cherehani yangu, na wanafunzi wapya wakifika nawapa mkasi wakate kipande wapime.