Jibu: Piano ndani ya gofu, mbalamwezi inakataa kushika

Mkuu, umesema picha unayoipaka, ya piano usiku wa mbalamwezi ndani ya gofu la nyumba lililojaa majani, imetoka kama mchana uliofunikwa nailoni ya bluu. Nakuelewa. Picha ya namna hiyo hiyo imenilia turubai mbili.

Ya kwanza niliiharibu kwa kudhani usiku ni bluu. Ukuta bluu, majani bluu, piano bluu. Halafu siku moja umeme ukakatika, mwezi mpevu, nikatoka uani. Kanga ya mke wangu kwenye kamba, nyekundu ya kuwaka, ilikuwa nyeusi tii! Majani ya mpera pembeni yake yalikuwa yanaonekana, ila rangi ya majivu. Kumbe macho yetu gizani hupoteza wekundu kwanza; Mcheki Jan Purkinje alilieleza jambo hili tangu karne ya 19. Basi ondoa wekundu wote, kijani kipeleke kwenye kijivu, bluu ibaki kidogo kwenye kingo za mwanga. Nyeusi ya kopo achana nayo, inakufa kwenye turubai. Changanya altramarini (bluu nzito) na kahawia iliyochomwa (kwenye kopo huandikwa "burnt umber"), utapata giza lenye kina.

Mwanga uingie sehemu moja: dirishani au kwenye tundu la paa, chagua. Na usivififishe vivuli. Mwezi na jua, tukivitazama kutoka huku chini, vinakaribia ukubwa mmoja, kwa hiyo kivuli cha mwezi nacho kina makali. Mimea inayotambaa hufuata mwanga wa mchana, ielekeze huko. Yangu ilikuwa inakimbilia kona ya giza, jirani yangu mkulima akaniuliza inakwenda kutafuta nini.

Sasa piano, nilipoumbuka kabisa. Mwalimu wa kwaya alisogea, akatazama, akacheka: "Noti za mi na fa umeziwekea kibonye cheusi katikati? Hii itapiga wimbo gani?" Nilikuwa nimepaka cheupe, cheusi, cheupe, cheusi, mwanzo hadi mwisho. Vyeusi hukaa viwili, vitatu, viwili, vitatu. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, hakuna kitu. Piano ya kawaida ina vibonye 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, lakini usijitese navyo vyote. Funika vingi kwa majani, kisha vile kumi vinavyopigwa na mwezi viwe sahihi, maana jicho litatua hapo. Kama ni ile kubwa ya kulala, bawaba za mfuniko ziko kushoto kwa mpigaji.

Hukusema unatumia rangi gani. Kama ni akriliki (rangi ya plastiki inayochanganywa na maji), ikikauka huzidi kukolea, kwa hiyo paka hatua moja juu ya weupe unaoutaka. Turubai ya pili iliniponyoka hapo: jioni majani yalikuwa yanaonekana vizuri, asubuhi nikakuta ukuta umeyameza.