Kwa wewe unayeanza kazi kwenye baa ya viti 16

Baa yetu iko Bugolobi, hapa Kampala, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa cha fundi cherehani. Ina viti 16, saba kati ya hivyo viko kaunta, friji mbili, sinki moja na dirisha linalotazama mwembe. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapo. Kila tunapopata kijana mpya, awe ametoka Mbale, Arusha au Goma, humkalisha chini siku ya kwanza nikamweleza haya kwa mdomo. Safari hii nimeona niyaandike, maana kazi hii naipenda na sitaki uianze vibaya kama nilivyoianza mimi.

Ukumbi mkubwa unaficha mengi. Muziki unapigwa kwa nguvu, watu wamejaa, na mhudumu akikosea kosa linapotelea kwenye kelele. Kwetu hakuna pa kujificha. Aliyekaa kiti cha mwisho anakusikia ukishusha pumzi. Anaona unavyopima, unavyofuta glasi, unavyomtazama aliyeingia sasa hivi. Na yeye pia hana pa kujificha, kwa hiyo akikaa mbele yako amekuamini kwamba utamstahi.

Mwezi wangu wa pili kazini aliingia bwana mmoja na mkewe. Usiku uliotangulia bwana huyo alikuwa amekaa kaunta peke yake mpaka tukafunga. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mteja hupenda kukumbukwa, basi nikamchangamkia: "Karibu tena kaka, nikuletee kilekile cha jana?" Mkewe akamgeukia, akasema neno moja tu: "Jana?" Viti vyote vilikuwa na watu, na vyote vikanyamaza. Mpaka leo sijui alikuwa amesema nini nyumbani, na si lazima liwe jambo la aibu. Mtu anaweza kuwa amepoteza kazi akakosa ujasiri wa kusema. Walikunywa glasi moja moja, wakalipa, na hatukuwaona tena.

Tangu siku ile namkumbuka mteja kwa mikono, mdomo nauacha nje. Kama anapenda kiti cha ukutani, nakifuta kabla hajafika. Kama hanywi maji ya baridi, namwekea yasiyo ya friji bila kumtangazia kwamba najua. Mengine namngoja aseme mwenyewe. Siku akisema "niletee kama kawaida," hapo amekupa ruhusa. Na utakayoyasikia kaunta, ya ndoa, ya zabuni, ya siasa, yasifike hata kwa wenzako wanaoosha vyombo. Mtaa ni mdogo. Neno likitoka saa nne usiku, asubuhi liko kwenye kituo cha bodaboda.

Kuhusu salamu: wengi wetu tunaokuja kutoka nje tunaanza na Kiswahili, na Wakenya, Watanzania na Wakongo watakufurahia. Lakini hapa kuna wazee ambao kwa miaka mingi Kiswahili walikisikia zaidi kwa askari, na si katika siku njema. Siwalaumu hata kidogo. Mzee akiingia, mwambie "Gyebale ko, ssebo," yaani hongera kwa kazi, bwana, na mama umwite "nnyabo," halafu uone mwenyewe anataka muendelee kwa lugha gani. Salamu mbili za Kiganda zilizosemwa kwa heshima zitakufungulia milango mingi kuliko tabasamu.

Sasa glasi. Kabla hujamimina chochote, nusa glasi tupu. Wageni wa kazi hii wananishangaa, lakini fanya. Glasi iliyopanguswa kwa kitambaa kilicholala na unyevu inabeba harufu ya kitambaa. Iliyohifadhiwa kichwa chini ndani ya kabati inabeba harufu ya mbao. Mteja atadhani mvinyo ni mbovu kumbe ni kabati lako. Osha kwa maji ya moto, suuza sabuni yote iishe, ianike, halafu ing'arishe kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Ukingoni tafuta rangi ya mdomo. Ile haitoki kwa suuza moja.

Mvinyo wenyewe usiuogope. Mimi ni mtu wa Dodoma, kule ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mama alikuwa akilipwa kwa kuchuma. Kwangu mvinyo ulianza kama jua la mgongoni na vidole vinavyonata, hata kabla sijajua kwamba kuna watu wanauzungumzia kwa maneno makubwa. Hapa Kampala chupa nyingi utakazofungua zinatoka Afrika Kusini, kwa hiyo jifunze vizuri zabibu mbili tatu za kule. Chenin Blanc ni mweupe, na una uchachu unaoamsha mate. Pinotage ni mwekundu, na ni zabibu iliyozaliwa kulekule: mtaalamu wa mizabibu Abraham Perold aliitengeneza Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchavusha aina mbili za zabibu, Pinot Noir na Cinsaut. Ukizijua hizo kwa ulimi wako mwenyewe, umeshapata pa kuanzia.

Mteja mgeni hatakuuliza habari za Stellenbosch. Atakuuliza, "Upi mtamu?" Usimdharau, na usimpe somo. Mimi huuliza anavyokunywa chai. Anayekunywa chai ya rangi bila sukari, tena iliyokolea, anaweza kuupenda mwekundu wenye ukakasi, ule unaokausha fizi kama ndizi mbichi. Anayetia vijiko vitatu, mpe mweupe wenye utamu kidogo, na wiki ijayo mpunguzie. Mimina tone la kuonja kwanza. Mvinyo ukinuka kama boksi lililonyeshewa mvua, kizibo kimeuharibu; usibishane na mtu, chukua chupa nyingine, ile ya kwanza iweke pembeni umwonyeshe aliyekuuzia.

Utasikia wanasema mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Hicho ni chumba cha Ulaya, chenye kuta za mawe na baridi. Chumba chetu jioni, watu wakiwa wamejaa, kina joto la kutosha kuufanya mvinyo unuke pombe tupu. Mwekundu utie kwenye friji nusu saa kabla ya kuuhudumia. Atakayelalamika umwombe asubiri dakika tano, glasi ipate joto la mkono wake.

Kipimo ndipo wengi mnapoharibikiwa, na najua ni kwa sababu ya moyo mzuri. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Ukiongeza mililita 20 tu kwa kila mtu ili aone umemjali, glasi ya tano haijai: umebakiwa na mililita 70. Kama glasi moja tunaiuza shilingi 25,000, ndizo ulizozigawa, na zikifunguliwa chupa nne usiku huo, laki moja imekwenda. Tena aliyekaa jirani ameona mwenzake kapewa zaidi. Kwenye chumba hiki upendeleo hauna siri. Ukitaka kumjali mtu, mpe sahani ya karanga, mpe maji kabla hajaomba, mpe muda.

Kokteli nazo zinataka kipimo kilekile. Yetu inayotoka sana ni ya waragi, ile pombe kali ya Uganda: mililita 50 za waragi, 25 za ndimu iliyokamuliwa siku hiyohiyo, 20 za shira ya sukari, barafu tele, unatikisa kwa nguvu mpaka chombo kinauma kwa baridi mkononi, kama sekunde 12. Maji yanayoyeyuka humo ni sehemu ya kinywaji, kwa hiyo usitikise kwa uvivu. Shira ni sukari na maji kwa kipimo sawa. Sukari yetu ina rangi ya kahawia, shira nayo itatoka ya kahawia, na wala si kasoro. Msimu wa nanasi ukifika, kamulia nanasi la Kayunga ndani. Pasheni ni ya mwaka mzima.

Niwaambie pia kosa lililoniumiza kuliko yote. Kuna kokteli chungu iitwayo Negroni, na kwetu tunaitengeneza kwa waragi: mililita 30 za waragi, 30 za Campari, kile kinywaji chekundu kichungu cha Italia, 30 za vermuti nyekundu. Vermuti ni mvinyo uliotiwa mitishamba na kuongezewa pombe kali kidogo, lakini ni mvinyo, na ukishafunguliwa unaanza kufa. Mimi niliiweka rafu ya juu, karibu na taa, kwa sababu lebo ilipendeza. Ilikaa miezi minne. Akaja mzee mmoja mstaarabu, akaagiza Negroni, akanywa funda moja, akaisogeza glasi mbele kwa vidole viwili. Hakunikaripia. Aliniomba tu nimimine vermuti peke yake kwenye kijiko, nionje. Ilikuwa na ladha ya siki na ya zabibu kavu zilizosahaulika mfukoni. Nikajua kwamba kwa miezi kadhaa nilikuwa nawauzia watu kitu kilichokufa, na walikuwa wakinilipa na kuniaga vizuri. Vermuti ikifunguliwa iandike tarehe kwa kalamu, itie kwenye friji, na baada ya mwezi ionje kila unapofungua baa. Mvinyo uliofunguliwa nao uandike: mwekundu uliozibwa vizuri na kuwekwa kwenye friji una siku tatu, nne hivi, wa mapovu ukifika kesho jioni umeshachoka.

Umeme utakatika. Tochi ikae mahali pamoja siku zote, na barafu itengenezwe mapema. Igandishe kwa maji yaliyochemshwa, kwenye kopo la aiskrimu, uikate vipande vikubwa kwa kisu cha mkate, kwa sababu kipande kikubwa huyeyuka polepole. Umeme ukienda, usiifungue friji ya barafu kila dakika kuichungulia.

Kuna mtu atakuja mlangoni mchana na jerikeni. Atakwambia ni waragi safi, ya kijijini kwao, kwa nusu ya bei. Mwambie hapana, na umwambie hapana hata kama ni ndugu wa mwenye baa. Sheria ya enguli, yaani waragi ya kienyeji, ya mwaka 1965 ndiyo iliyotaka kila anayetengeneza pombe hiyo awe na leseni, na mwaka huohuo waragi ya chupa ikaanza kutengenezwa kiwandani. Mwaka 2010 kule Kabale watu wengi walikufa kwa kunywa pombe yenye methanoli, aina ya pombe iliyo sumu. Methanoli huwezi kuiona, na ulimi wako hautakuambia kwamba ipo; huanza kwa kuua macho. Kila chupa inayoingia iwe na risiti na stempu ya kodi, kizibo kikiwa hakijaguswa, na chupa tupu ya pombe kali usiijaze tena kwa kitu kingine, hata maji.

Aliyelewa usimwaibishe mbele ya wenzake. Mpelekee glasi kubwa ya maji na kitu cha kula, sogea karibu, sema kwa sauti ya chini: "Kaka, hii ya mwisho tuiache kesho." Kama ana gari, mwombe funguo mapema, kabla hajafikia hali ya kubisha. Mtajie Kawunyemu, kile kipimo cha pumzi cha polisi. Kila mtu Kampala anakijua, na kinamsaidia kukubali bila kuonekana ameshindwa. Muitie usafiri, mtoke pamoja mpaka barabarani, usirudi ndani mpaka ameondoka. Na aliye chini ya miaka 18 hahudumiwi, hata akija na mjomba wake.

Mwezi wa Novemba ndio ninaoupenda. Nsenene, wale panzi wa kuliwa, zinashuka, na wateja wanaingia na vifuko vyao vya zilizokaangwa kwa kitunguu. Baa nyingine zinakataza chakula cha nje. Sisi tunaleta sahani. Kifuko kinafunguliwa kiti cha kwanza, na kikifika cha saba watu ambao hawakuwa wanajuana wanabishana kama mabawa yametolewa vizuri. Ule uchachu wa ndimu na waragi unakata mafuta yake barabara. Jioni kama hiyo punguza muziki, jaza maji, kaa upande wako.

Siku yako ya kwanza njoo saa tisa alasiri, tunafungua saa kumi na moja. Vaa viatu visivyoteleza, maana nyuma ya kaunta sakafu haikauki. Usijipulizie manukato, kazi yako itakuwa ni kunusa. Nitakupa glasi sita tupu, na nitataka uniambie ni ipi ilifutwa kwa kitambaa cha jana.