Kabla hujatia dole gumba kwenye fomu ya utafiti

"Kwani hiyo damu ya mjukuu wangu mnaipeleka wapi?"

Bibi aliyeniuliza hivyo alikuwa amekaa kwenye mkeka kibarazani kwake, kijiji kimoja chini ya milima ya Usambara, amempakata mtoto wa miaka miwili. Mimi nilikuwa na dodoso, kidau cha wino wa dole gumba na fomu ya ridhaa yenye kurasa sita. Nilikuwa mhojaji wa mradi wa homa za watoto, mwezi wangu wa pili kazini. Nikamjibu, "Inakwenda maabara, bibi." Akanitazama. "Maabara ipi?" Sikujua. Nilikwishawasomea fomu ile akina mama zaidi ya arobaini, hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikuwahi kuwauliza wakubwa zangu.

Hakutia dole siku ile. Nilirudi baada ya wiki na jibu kamili: vipimo vya malaria vinafanyika hospitali ya wilaya, na kinachobaki kinagandishwa na kupelekwa Dar es Salaam. Ndipo akakubali. Kazi hiyo niliifanya miaka saba, na ninayoyaandika hapa nawaandikia wazazi wanaobishiwa hodi na watu wa tafiti.

Usiwafukuze. Naanza na hilo kwa sababu nimeona faida yake karibu na kwetu. Kwa miaka mingi hospitali za nchi tajiri zilifundisha kwamba mtoto aliyezidiwa na homa, mzunguko wake wa damu ukadhoofika, atundikiwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Hapakuwa na utafiti mkubwa uliopima kama mafundisho hayo yanawafaa watoto wetu, wenye malaria kali na upungufu wa damu, katika wodi zisizo na mashine za kupumulia. Utafiti ulioitwa FEAST ukaja kupima. Ulihusisha watoto 3,141 Uganda, Kenya na Tanzania, na hospitali mojawapo ilikuwa Muheza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kati ya watoto ambao hawakupewa maji yale ya haraka, asilimia 7.3 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya waliopewa, ilikuwa kama asilimia 10.5. Yaani tiba iliyoaminika ilikuwa inaondoa watoto watatu zaidi katika kila mia. Jambo hilo lisingejulikana kwa kupima watoto wa London. Ilibidi wapimwe wa kwetu.

Lakini itazame habari hiyo kwa upande wa pili pia. Wale waliopewa maji walikuwa watoto wa akina mama kama wewe. Utafiti ule ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa ushauri wa kamati huru iliyokuwa ikiziangalia takwimu kadiri zinavyoingia. Kwa hiyo mtafiti akija kwako na dawa au chanjo, muulize: ni nani wa nje anayeutazama utafiti huu, mwenye uwezo wa kuusimamisha mambo yakiharibika? Na mwanangu akidhurika, gharama ya matibabu ni ya nani? Mtafiti aliyejiandaa hakasiriki kwa maswali hayo. Anayekasirika, mwambie arudi siku nyingine na mkubwa wake.

Kuna jambo lililonitesa kuliko yote, nalo ni akina mama kudhani wanatibiwa kumbe wanashiriki utafiti. Sisi tulivaa makoti yaleyale meupe, tulikaa zahanati ileile, na muuguzi aliyempima mtoto uzito ndiye aliyetuletea mama. Mama yule atajuaje? Daktari anayekutibia anamtafutia mwanao kinachomfaa yeye leo. Mtafiti anatafuta jibu litakalowafaa watoto wengi kesho, na mara nyingi hachagui mwenyewe mtoto gani apewe nini, bali wanapangwa kwa kura. Katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009 katika nchi saba za Afrika, na hapa Tanzania yakafanyika Korogwe na Bagamoyo, watoto wakubwa kidogo walioangukia kundi la ulinganisho walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa badala ya ile ya malaria. Huo ulikuwa utaratibu mzuri, kwa kuwa nao waliondoka na kinga fulani. Lakini mzazi ana haki ya kuelewa kabla ya sindano kwamba huenda mwanawe asipate kile kilichotangazwa kijijini. Ukitoka pale hujui kura ni nini, hujaelezwa bado.

Halafu kuna suala la kukataa. Kwenye fomu imeandikwa kwamba kushiriki ni hiari na kwamba unaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza huduma. Maneno hayo ni ya kweli, lakini nani anaweza kukataa kirahisi wakati mhojaji ameletwa na mwenyekiti wa kijiji, na mjumbe kasimama mlangoni? Nimewaona akina mama wakitia dole huku macho yako kwa mjumbe. Wengine walinong'ona baadaye kwamba waliogopa wasije wakanyimwa dawa siku mtoto akiugua. Dada yangu unayesoma hapa, "nitampa jibu nikishazungumza na baba yake" ni jibu halali. "Niachie fomu, mwanangu wa sekondari anisomee jioni" ni jibu halali pia. Usione haya. Fomu ya kurasa sita haisomwi kwa dakika tano mbele ya watu wanaokusubiri.

Kuhusu fedha sina mengi. Kurudishiwa nauli na kufidiwa siku yako ya shamba ni kawaida. Donge nono la kukufumba macho si kawaida.

Uliza kibali pia. Tanzania, utafiti wa afya unatakiwa uwe umepitishwa na kamati ya maadili, na ngazi ya taifa kamati hiyo iko chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Fomu inapaswa kuwa na namba ya simu ya kamati, si ya mradi peke yake. Nakala moja ya fomu ni yako. Iweke pamoja na kadi ya kliniki.

Sasa nageukia wahojaji wenzangu, hasa vijana mnaoanza. Msiwacheke watu wanaowaita mumiani. Pwani hii imebeba hadithi ya wanyonya damu tangu enzi za babu zetu, na sisi tunaifufua kila tunapofika na gari, tunachukua damu, tunafunga kasha la barafu na kutoweka. Mradi wangu wa kwanza ulifungwa, takwimu zikaondoka, ripoti ikaandikwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyerudi kijijini kueleza kilichopatikana. Nilisema kwenye kikao, nikajibiwa kwamba bajeti haikuwa na fungu hilo. Fungu hilo liombeni mapema, siku ya kwanza ya kupanga mradi, na msikubali liwe la mwisho kwenye orodha, maana la mwisho ndilo linalokatwa.

Mimi nilirudi wakati wa likizo yangu, kwa daladala kisha bodaboda. Bibi alikuwa palepale kibarazani, mjukuu kakua, anasoma darasa la pili. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Ndiyo wewe wa damu?" Nikamweleza kwa Kiswahili cha kawaida: homa nyingi tulizozikuta hazikuwa malaria, na ndiyo maana zahanati sasa wanapima kwanza kabla ya kutoa dawa ya malaria. Akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama damu ile bado ipo. Nikamwambia iliyobaki ipo, imegandishwa Dar es Salaam, ina namba badala ya jina. Akanyamaza kidogo, kisha akamwita yule mjukuu amkimbilie mama wa nyumba ya tatu, ambaye mwanawe naye alitolewa damu mwaka ule, aje asikie kabla sijaondoka.