Uliza Bibi: Mume anahamia Port Harcourt, nimfuate?

SWALI: Shikamoo bibi. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Amepata mkataba wa miaka miwili Port Harcourt, Nigeria, na anataka niende naye na mtoto wetu wa miaka mitatu. Nasikia mji mzima ni mafuta na utekaji. Nifanyeje? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Mimi nilihamia huko 2016, babu yenu akiwa baharia wa tagi kwenye mto Bonny.

Mafuta yenyewe huyaoni. Utakachokiona ni masizi. Mwishoni mwa mwaka ule ndipo wenyeji walipoanza kupiga kelele. Naanika shuka nyeupe asubuhi, jioni naianua ina vidoa vyeusi. Mjukuu niliyekuwa naye akipenga kamasi, kitambaa cheusi. Kuna watu wanachemsha mafuta ghafi kwa mapipa huko kwenye mikoko, na askari wakiyakamata nao wanayachoma palepale. Kwa hiyo kama mwanao ana pumu, mwache kwa bibi yake. Hapo sibembelezi.

Utekaji upo, siufichi. Mume aulize kabla ya kusaini: nyumba iko wapi, na nani anamchukua kazini na kumrudisha? Wakimzungusha maneno, asisaini.

Ila kusema mji mzima ni mafuta, hapana. Waingereza waliufungua kwa ajili ya kusafirisha makaa ya mawe ya mji wa Enugu. Mafuta ya Oloibiri, kijiji cha huko delta ya Niger, yalikuja kupatikana baadaye, 1956. Wenyeji wakikaa kuzungumza wanazungumzia chakula. Jioni kando ya barabara mama anapepea mkaa, juu yake ndizi mzuzu na samaki mzima, halafu anamwagia rojo la mawese, vitunguu na pilipili ya kukutoa machozi. Hiyo ndiyo bole. Siku ya kwanza nililia, siku ya tatu nilikuwa mteja wa kudumu. Mwambie tu "small pepper", ingawa ya kwao ndogo si ndogo yetu.

Beba mwavuli mzuri, mvua ya kule haina adabu. Na jenereta uizoee. Umeme ukirudi, mtaa mzima unapaza sauti "Up NEPA!", shirika la umeme ambalo lilishavunjwa zamani. Mjukuu wangu tumerudi naye Tanga, na mpaka leo umeme ukirudi anapiga ukelele huohuo, majirani wanachungulia dirishani.