Barua kwa mwanangu: ile kaseti ya Windsong

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona. Unauliza eti John Denver, yule mwimbaji wa Marekani, alimaanisha yale mambo ya milima na bahari ama alikuwa anauza kaseti tu, maana huyo mtu alikuwa na ndege zake mwenyewe huku anaimbia mazingira. Sawa. Hiyo kaseti yake ya Windsong ilitoka 1975, na ule wimbo wa Calypso, ule wa meli ya Jacques Cousteau ya kuchunguza bahari, mapato yake aliwapa watu wa Cousteau. 1976 akaanzisha na mwenzake shirika la mazingira, Windstar. Na ni kweli alipenda ndege kupita kiasi, ndiyo iliyomuua, 1997, alianguka nayo baharini kule California.

Lakini mimi nikisikia Calypso bahari siioni hata kidogo. Naona ule mti wa podo wa babu yako.

Unajua msimamo wangu, muziki wa mlima hausikilizwi ndani ya nyumba. Ndio maana redio ilikuwa inakaa nje kwa stuli, Mlima Elgon uko pale mbele, mama yako analalamika vumbi. Sasa Jumamosi ile vijana wakaja na msumeno wa petroli, karo ya kaka yako ya Form One imebakisha wiki, mahindi tumepeleka pesa hatujaona, nikauza mti. Na sijui nilikuwa nawaza nini, nikaweka kaseti! Walipozima msumeno wafunge kamba ndio Calypso ikasikika, jamaa anapandisha sauti kule juu kabisa, wewe ukatoka jikoni, miaka nane, ukazima, ukabeba redio ukaingia nayo ndani.

Hakukuwa na njia nyingine. Haya, ng'ombe alikuwepo, lakini mngekunywa nini? Hapana, hakukuwa na njia. Ama ilikuwepo.

Sasa unataka niseme kama John Denver alikuwa mnafiki. Jibu ninalo, liko hapa mdomoni, ila nikilitoa utasema baba anajitetea, basi wacha likae. Iskize mwenyewe yote, na uiskizie nje, tafadhali, si kwa gari.

Jioni ile nilikuuliza mbona umezima, ukaniambia betri zinaisha. Zilikuwa mpya, nilizinunua Ijumaa.

Baba