Sheikh, babu alikuwa anamuombea rubani aliyepotea vitani, nasi tuendelee?

SWALI: Asalam aleikum sheikh. Niko Nakuru. Babu yangu marehemu alikuwa anapika chai kwa kambi ya ndege za Waingereza hapa Nakuru wakati wa vita ya pili ya dunia, na mpaka anakufa alikuwa anamtaja kijana mmoja wa Kizungu, rubani, alipelekwa vitani na hakurudi, wala ndege yake haikuonekana. Kila Ramadhan lazima amtaje kwa dua. Halafu ndugu yake babu mwenyewe alikuwa askari, alizama na meli ya Khedive Ismail 1944, mwili haukupatikana. Sasa binamu yangu aliye Marekani ametuma picha kwa WhatsApp ya meza ambayo wanajeshi wa huko wanawawekea waliopotea, anataka nasi tuiweke siku tunasomea babu. Inafaa? Na hawa wawili tunaweza kuwaswalia?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Nisamehe nimechelewa kujibu, kuna mahali nilitaka kuhakikisha kwanza kabla sijafungua mdomo.

Huyo babu yako hakuwa anatunga hadithi. Nakuru kweli kulikuwa na shule ya marubani wa Uingereza kuanzia 1941 hadi 1943, wakifunzwa ndege za Blenheim, ndege ya watu watatu, rubani, msoma ramani na mpiga bunduki, vijana wadogo tu, wakimaliza wanapelekwa kupigana huko kaskazini. (Sisi wa Kisumu wazee wetu walikuwa na zao za ndege zinazotua juu ya maji ziwani, lakini hizo zilikuwa za abiria, tuziache.) Sasa ndege ikianguka jangwani ama baharini nani atamuona, nani atamzika? Mwenzake anarudi kambini, chai imepoa mezani, mwenye kikombe hayuko. Ndio maana babu yako hakusahau, mpishi anajua idadi ya vikombe kuliko hata mkubwa wa kambi.

Kwa fiqhi mtu kama huyo anaitwa mafqudi, yaani haujulikani uhai wake wala kifo chake, na dini haikuruhusu umuue kwa mdomo tu. Angalia Nabii Yaqub. Wanawe walimletea mzee wa watu kanzu ya Yusuf ina damu ya uongo, wakamwambia mbwa mwitu amemla Yusuf, na hakuikubali. Alilia mpaka macho yakawa meupe, miaka na miaka, na bado akawaambia wanawe nendeni mkamtafute Yusuf na ndugu yake. Kwa hivyo wale wanaosema ati kumlilia aliyepotea siku nyingi ni kukosa imani, hao sijui wanasoma msahafu gani.

Na kutafuta mwili pia si jambo la kizungu. Vita ya Uhud, Anas bin Nadhr, sahaba wa Mtume, alipatikana na majeraha zaidi ya themanini, sura haijulikani, dada yake ndiye akamtambua kwa ncha za vidole. Leo Wamarekani wana watu wao zaidi ya 80,000 hawajapatikana, wa hiyo vita ya pili na vita zilizofuata, wengi wao walipotea baharini, na bado wanachimba mahali ndege zilianguka, wanapima mifupa na meno na DNA, jino moja tu linarudishwa kwa familia kwa heshima. Mimi hapo siwacheki, naona ni kazi ile ile ya dada yake Anas.

Sasa rubani. Kama alikufa si Muislamu hatumswalii jeneza na hatumuombei maghufira, yaani msamaha wa dhambi, hiyo aya ya 113 ya Sura Tawba iko wazi na siwezi kuizunguka kukufurahisha. Najua babu alikuwa anamtia kwa dua, alifanya kwa mapenzi na Mola anajua moyo wake, usianze kumlaumu mzee kaburini. Lakini kumtaja kwa wema, kusimulia habari yake, kusimama kwa adabu akikumbukwa, hakuna anayekukataza. Mtume rehma na amani zimshukie alisimama jeneza likipita, akaambiwa huyo ni Myahudi, akasema, kwani si nafsi?

Babu mdogo, huyo ndugu yake babu, ndiye ana mjadala. Meli ile ilipigwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, ikitoka Kilindini kwenda Colombo, watu 1,297 wakafa. Huyo si mafqudi wa kushuku tena. Swala ya ghaibu, yaani kumswalia maiti ambaye hayuko mbele yako, iko, Mtume akiwa Madina alimswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi aliyefia kwao, takbira nne. Lakini sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, tuna sharti moja watu wengi hawalijui, anayeswali ghaibu awe ni mtu ambaye swala ile ilimlazimu siku marehemu alipokufa. Wewe 1944 ulikuwa wapi? Hujazaliwa. Kwa madhehebu yetu basi haikuhusu, na mnaotaka kukusanyana msikitini mumswalie leo, mtulie. Muombeeni dua, toeni sadaka, hata tangi la maji hapo msikitini kwa jina lake. Na upoe roho, aliyezama hadithi imemhesabu katika mashahidi.

Ile meza. Nimeiangalia picha uliyonitumia, kitambaa cheupe, glasi imepinduliwa, kipande cha limau, chumvi kidogo kwenye sahani, limau ni ule uchungu na chumvi ni machozi. Kama ni ukumbusho tu kama picha ukutani, sioni shirki hapo. Shida naijua ya kwetu, nyanya ataweka kweli ugali na samaki ati marehemu atakuja kula usiku, asubuhi wakikuta sahani imeguswa (ni paka!) watu wanaenda kwa mganga. Kama nyumba yenu iko na hiyo tabia msiiweke. Hiyo pesa ya limau na maua pikeni, mualike majirani wale washibe.

Na jambo moja nakuomba. Kama babu alikuwa anataja jina la huyo kijana, liandike leo kabla wazee waliolisikia hawajaisha. Kule Runnymede Uingereza kuna ukuta uliofunguliwa 1953 wa wanajeshi wa angani wasio na kaburi, majina zaidi ya 20,000, ila walioruka kutoka Misri na Libya wengi wako kwenye nguzo za ukumbusho za El Alamein, huko Misri. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola inakubali mtu atafute jina kwa intaneti bure. Ukilipata nitumie, nami nataka kulijua.